Jinsi ya Kupata Sate Nzuri Kwenye Vibanda vya Wazi vya Singapore na Malaysia: Mwongozo Kamili

Lalamiko ni lile lile, liwe limetoka kwa mwanafunzi aliyeko Kuala Lumpur, mfanyabiashara aliyepita Singapore kufuata mzigo, au baharia aliyeshuka melini kwa usiku mmoja: "Nimekula hiyo sate mnayoisifia. Kavu, tamu kupita kiasi, mchuzi umepoa. Bora mishkaki ya kwetu."

Ukimhoji mlalamikaji, utakuta kisa kinafanana. Alikaa kwanza, akaletewa menyu yenye picha, akaagiza, ndipo akaanza kupima. Kwa sate, yaani vijiti vya nyama ya kuchoma vinavyoliwa na mchuzi wa karanga, mpangilio huo ni wa kinyume. Kibanda hupimwa ukiwa bado umesimama, kwa kutazama jiko, na kazi hiyo haichukui zaidi ya dakika chache. Fuata hatua hizi kwa mfuatano wake na usiruke ya nne, maana ndiyo inayobeba zote.

## Unavyohitaji kabla ya kutoka

Fedha taslimu, noti ndogo ndogo. Vibanda vingi hupokea malipo kwa kuskani QR, lakini mara nyingi ni kwa akaunti za benki za nchi ile. Kadi yako ya nyumbani inaweza isikusaidie kitu mbele ya jiko la mkaa.

Pakiti ya tishu. Usitegemee kupewa. Halafu Singapore pakiti ya tishu iliyoachwa juu ya meza maana yake meza hiyo ina mwenyewe, amekwenda kuagiza. Usiisogeze ukakaa, utaonekana huna adabu.

Maneno machache ya Kimalay. Herufi *c* wanaitamka kama "ch" yetu. *Ayam* ni kuku, *lembu* au *daging* ni ng'ombe, *kambing* ni mbuzi au kondoo, *perut* ni matumbo, *babi* ni nguruwe. *Kuah kacang* ni mchuzi wa karanga, *pedas* ni kali ya pilipili, *cucuk* ni kijiti kimoja, *bungkus* ni kufungiwa uondoke nacho. Singapore Kiingereza kinatosha, ila mama wa Kimalay ukimwambia "ayam sepuluh", yaani kuku kumi, utaona anavyokuchangamkia.

Njaa ya kiasi. Mwenye njaa kali hukaa kwenye kibanda cha kwanza. Kunywa maji, kula tunda, ndipo utoke.

Onyo kwa wenye mzio wa karanga: kukataa mchuzi hakutoshi. Koleo, sahani na mikono ni ile ile inayogusa karanga usiku kucha. Chakula hiki kiache.

## Hatua ya 1: Jua unatafuta sate ipi

Sate ya Kimalay ni vipande vidogo vya nyama, kila kimoja kidogo kuliko cha mishkaki, vilivyolazwa kwenye mchaichai, manjano, khulinjani, giligilani, bizari nyembamba na sukari. Utamu wake ni wa makusudi. Sukari ile ndiyo inayoungua kidogo kwenye kingo za nyama na kuleta rangi na harufu. Ukienda ukitarajia ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, hata sate bora kabisa itakuangusha.

Ya Kajang, mji ulio kusini-mashariki mwa Kuala Lumpur, ina vipande vinene zaidi, na mara nyingi pilipili iliyosagwa huja mbali na mchuzi ili uchanganye mwenyewe kwa kadiri unayoiweza.

Iko pia ya Wachina wa asili ya Hainan, hasa Singapore. Hii kwa kawaida ni ya nguruwe, na mchuzi wake huongezwa nanasi lililosagwa. Msomaji Mwislamu aikariri hii: kijiti kikiwa kwenye sahani, rangi ya manjano inafanana na ya kuku, na jicho pekee halitoshi kutofautisha.

Kwa mara ya kwanza agiza kuku na ng'ombe. Kuku wa paja ana mafuta, hivyo hata mchomaji wa wastani humtoa vizuri. Ng'ombe ndiye mtihani. Kipande kidogo cha ng'ombe hukauka upesi, kwa hiyo kibanda kinachotoa ng'ombe laini kinajua kazi yake.

Umefaulu hatua hii ikiwa unaweza kutaja nyama unayoitaka na usiyoitaka kabla hujafika.

## Hatua ya 2: Chagua eneo na saa

Singapore, mahali palipo rahisi zaidi kwa mgeni ni Boon Tat Street, kando ya soko la Lau Pa Sat katikati ya wilaya ya mabenki. Jioni magari huzuiwa, meza hutandazwa juu ya lami na majiko huwashwa kwa safu. Siku za kazi shughuli huanza mnamo saa moja usiku. Mwishoni mwa wiki huanza mapema zaidi. Ukitaka upepo wa bahari nenda East Coast Lagoon Food Village, ambako vibanda viko ufukweni kabisa. Ukitaka vibanda vingi vya Waislamu kwa pamoja, Geylang Serai ndiyo mtaa wa Wamalay.

Malaysia, panda treni ya MRT kutoka Kuala Lumpur ushuke Stadium Kajang. Baadhi ya nyumba za sate za Kajang zimekua zikawa migahawa mikubwa yenye kumbi na feni, lakini jiko bado mara nyingi liko mbele, unaliona. Asiyetaka kutoka mjini aende Kampung Baru, mtaa wa Kimalay uliobaki katikati ya maghorofa, ambako vibanda hufunguka jioni kandokando ya barabara.

Saa nzuri ni kati ya saa moja na nusu na saa tatu usiku. Kabla ya hapo makaa huwa bado hayajatulia. Baadaye sana unapewa mabaki ya mzigo wa siku.

Mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni mvua: nchi hizi ziko karibu na ikweta, na mvua ya alasiri au jioni huja ghafla. Ikinyesha, meza za barabarani hazikaliki, basi uwe na mahali pengine penye paa akilini. La pili ni Ramadhani. Masoko ya futari huchangamka kuanzia alasiri na moshi wa sate unaufuata kwa pua, lakini huko huchomwa nyingi kwa mkupuo ili watu wachukue na kuondoka. Mwezi huo nenda baada ya tarawehe.

## Hatua ya 3: Zunguka yote kabla ya kukaa

Boon Tat Street na vituo vingine maarufu kwa watalii utakutana na wapiga debe. Atakujia kijana mchangamfu, menyu mkononi, meza tayari, anakuita "my friend". Mpe tabasamu, sema *terima kasih*, yaani asante, endelea kutembea. Kibanda kizuri hakikosi wateja, na ukishakaa kwenye meza ya mtu umeshachagua jiko lake bila kuliona.

Jihadhari hasa na "seti" ya picha: sate kadhaa pamoja na kamba wakubwa wa kuchoma. Bei ya seti hubebwa na kamba, na kilichokuleta ni sate.

Tembea mwanzo hadi mwisho wa safu. Ukishapita mara moja, chagua vibanda viwili au vitatu vya kurudia.

## Hatua ya 4: Lisome jiko

Simama pembeni ambapo huzuii foleni. Tazama mambo haya matano kwa utaratibu.

### Vijiti vilivyo kwenye trei

Hili ndilo la kwanza, na lingekuwa moja tu ningekupa hili. Tafuta trei ya vijiti vibichi: rangi ya manjano iliyokolea, vinang'aa kwa mafuta na viungo, vimepangwa safi, vikisubiri oda. Huo ni uthibitisho kwamba sate yako itaingia motoni baada ya wewe kuagiza.

Ukiona lundo la vijiti vyenye rangi ya kijivu au hudhurungi iliyofifia, hivyo vimeshachomwa nusu. Vibanda vyenye shughuli nyingi hufanya hivyo ili kuwahi foleni, kisha hupasha tu unapoagiza. Vikizunguka haraka, havina ubaya mkubwa. Vikikaa, maji ya nyama yanatoka, na moto wa pili unakausha kilichobaki. Hapo ndipo inapozaliwa ile "sate kavu" ya malalamiko.

Sasa sogeza jicho kwenye kijiti kimoja. Vipande viwe vitatu au vinne, vimegusana bila kubanwa, na viwe na kipande cha mafuta au ngozi katikati au mwishoni. Mafuta hayo huyeyuka na kuilowesha nyama inapoungua. Kijiti chenye nyama tupu nyeupe ya kidari kitatoka kikavu hata kikichomwa na bingwa.

### Makaa

Jiko la sate ni jembamba na refu, ili nyama ikae juu ya moto na mashikio ya vijiti yabaki nje. Unachotaka kuona ni makaa mekundu yenye jivu jepesi juu, bila ndimi za moto. Mafuta yakidondoka, moto utaruka kidogo; hiyo ni kawaida. Moto ukiwa unawaka mfululizo chini ya nyama, sukari itakuwa nyeusi nje kabla nyama haijaiva ndani.

Vipo vibanda vinavyotumia gesi. Sate yake inaweza kuwa laini, lakini itakosa moshi, na kwangu sate isiyo na moshi haijakamilika. Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua mkaa.

### Mkono wa mchomaji

Mchomaji mzuri hatulii. Mkono mmoja unapepea kwa kipepeo cha ukili au kipande cha boksi, mwingine unageuza vijiti kwa kundi, vitano au kumi kwa mpigo. Anapepea upande mmoja kuamsha makaa, anaacha upande mwingine utulie, anahamisha vijiti kutoka huku kwenda kule. Ukimwona anaweka vijiti, anageuka kuzungumza na simu, halafu anarudi, ondoka.

Siku hizi wengi wana feni ndogo ya umeme mbele ya jiko. Usiihukumu feni, angalia kama bado anageuza.

### Brashi

Hapa ndipo utakapogundua nani anajali. Wenye kufuata desturi hupondaponda mwisho wa bua la mchaichai hadi lichanue kama brashi, wakalichovya kwenye mafuta, pengine yaliyochanganywa na tui la nazi, na kupakaza nyama ikiwa motoni. Angalia inapogusa nyama: mafuta yanachuruzika, makaa yanatoa mlio, moshi mfupi mweupe unapanda wenye harufu ya mchaichai. Nyama inang'aa tena. Kupakaza mara mbili tatu kabla ya kutoa ni dalili njema sana.

Onyo la afya: chunguza kama brashi ile ile inapita kwenye vijiti vibichi kisha kwenye vilivyoiva vinavyosubiri sahani. Vilivyopakwa vikirudi motoni, hakuna tatizo. Vikienda moja kwa moja mezani, hasa vya kuku, tafuta kibanda kingine.

### Wanaokula hapo

Urefu wa foleni peke yake hudanganya, kwa sababu foleni ya watalii huletwa na picha za mitandaoni. Tazama wanaofungiwa. Mtu anayesubiri vijiti hamsini akawapelekee familia nyumbani ni mwenyeji, na anajua kwa nini amepita vibanda vingine vyote.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema: vijiti vibichi, makaa mekundu bila ndimi, mchomaji anageuza, nyama inapakwa mafuta. Ukikosa moja, bado unaweza kujaribu. Ukikosa mawili, songa mbele.

## Hatua ya 5: Halali na usafi

Singapore cheti cha halali hutolewa na MUIS, baraza la Kiislamu la nchi hiyo, na Malaysia na JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu. Kitafute ukutani. Vibanda vingi vidogo vya Waislamu havina cheti, kwa hiyo uliza moja kwa moja. Neno "halal" linaeleweka na kila mtu, na hakuna atakayeudhika. Kwenye vituo vyenye vibanda mchanganyiko, uliza hata kama muuzaji wa jirani amevaa kanzu.

Kwa upande wa usafi, nchi zote mbili hutoa madaraja kwa herufi, na A ndiyo ya juu. Mimi sikimbii kibanda cha B chenye jiko zuri, ila nikiona nyama mbichi ya kuku imekaa wazi bila barafu wala jokofu karibu, siagizi.

## Hatua ya 6: Agiza kidogo, kwa sauti

Bei ni ya kijiti kimoja, na vibanda vingi havipokei oda ya chini ya vijiti kumi. Agiza hiyo kumi: tano kuku, tano ng'ombe. Usiagize ishirini kwa woga wa foleni. Vijiti kumi vya mwisho vitapoa ukiwa unakula vya kwanza.

Taja idadi, taja nyama, kisha uambiwe jumla kabla ya moto. Mpe namba ya meza yako, kwa kawaida imebandikwa juu ya meza yenyewe.

Ongeza *ketupat* au *nasi impit*, yaani wali ulioshindiliwa na kukatwa vipande vya mraba. Mara nyingi hulipiwa peke yake. Matango na vitunguu vibichi huja na sate, na vina kazi: baada ya vijiti vitatu vya karanga na mafuta, tango hukusafishia mdomo.

## Hatua ya 7: Kula kwa mpangilio

Kula kijiti cha kwanza bila mchuzi. Mchuzi wa karanga ni mzito na unaweza kuficha nyama mbovu. Bila mchuzi utaonja mchaichai na manjano mbele, utamu baadaye, na moshi mwishoni.

Kisha tazama mchuzi. Ulio mzuri una chembe za karanga zinazotafunika, una mafuta mekundu ya pilipili yaliyoelea juu, na ni wa vuguvugu au moto. Mchuzi laini mtupu, mwepesi, wenye rangi ya kahawia ya aina moja kama siagi ya karanga iliyotiwa maji, umefupishwa kazi. Chovya kijiti chote, kisha chovya na wali.

Vuta nyama kwa meno ya pembeni, ubavuni mwa kijiti. Mtoto mvulie nyama kwenye sahani. Ncha zile ni kali.

Kula ndani ya dakika chache za mwanzo. Vipande ni vidogo, hupoa upesi, mafuta yakaganda na sukari ikawa ngumu. Wapiga picha wengi hula sate ya baridi kwa sababu hii.

Sate iliyofaulu: kingo zina weusi mdogo wa kuungua, katikati bado manjano yenye kung'aa. Nyama inatoka kwenye kijiti kwa kuvutwa kidogo. Inatoa maji ukiitafuna, na ncha ya kijiti ni ya moto ukiigusa.

Iliyoshindwa: uchungu wa masizi, nyama iliyong'ang'ania kijiti, au rangi ya waridi ndani ya kuku. Hiyo ya mwisho usiile. Irudishe kwa upole, iongezwe moto. Hakuna muuzaji wa maana atakayekataa.

## Hatua ya 8: Rudia au hama

Kumi ya kwanza ikiwa nzuri, agiza kumi nyingine hapo hapo, na sasa jaribu mbuzi au *perut*. Ikiwa ya wastani, usijishibishe kwa huruma. Lipa, shukuru, nenda kwenye kibanda cha pili ulichokichagua katika Hatua ya 3. Ndiyo faida ya kuagiza kidogo.

Kabla ya kuinuka, kwenye vituo vya chakula vya Singapore rudisha trei na vyombo mwenyewe. Tangu 2021 ni sheria: kosa la kwanza unaonywa, la pili unatozwa faini. Kuna rafu za vyombo vya halali na zisizo za halali, zimeandikwa. Weka panapostahili.

## Ukivuka kwenda Indonesia

Jiko lisome vile vile, lakini badilisha matarajio. Sate ya Madura hupakwa mchuzi mzito mtamu wa soya uitwao *kecap manis* pamoja na karanga, na huuzwa sana kwenye mikokoteni ya mitaani. Sate ya Padang haina karanga kabisa. Mchuzi wake ni wa manjano, mzito kwa unga wa mchele, na nyama mara nyingi ni ulimi wa ng'ombe. Ng'ombe huko anaitwa *sapi*, na kijiti *tusuk*.

Anayeikosa mishkaki ya mbuzi asiondoke Yogyakarta bila kwenda Pleret, upande wa Bantul, kula *sate klathak*. Ni mbuzi, chumvi, na viungo vichache sana, akichomwa kwenye vyuma, awali spoku za baiskeli, badala ya vijiti. Chuma hupitisha joto hadi katikati ya kipande, ndiyo maana wanathubutu kukata nyama nene. Huletwa na bakuli la mchuzi mwepesi wa nazi. Chuma kinatoka motoni moja kwa moja, basi kisiguse mdomo. Ivue nyama kwa uma kwanza.

Kisiwani Bali, sate ya nguruwe ni ya kawaida kila kona, na ile ya *lilit*, ambayo nyama yake husagwa na kuzungushwa kwenye bua la mchaichai, inaweza kuwa ya samaki, kuku au nguruwe. Uliza *babi* kwanza, ndipo uulize bei.